Tufungulieni kliniki ya akili tungali wazima

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Na kwenu waajiri wa Dar es Salaam, wakubwa kwa wadogo.

YAH: OMBI LA MTU MZIMA KUONANA NA MWANASAIKOLOJIA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere. Naishi Gongo la Mboto, nina mke na watoto watatu. Siumwi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila niliyemwambia naandika barua hii aliniuliza kwanza kama niko sawa, na fundi makenika wetu aliuliza nimeanza lini kuokota makopo. Sijaanza. Nalala, nakula, nadaiwa kama wengine, na timu yangu ikifungwa nanuna siku mbili halafu yanaisha. (Timu siitaji. Barua hii nataka isomwe na pande zote mbili za Kariakoo.)

Kila mwaka kiwandani kwetu wanakuja watu wa kupima afya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi wanapoanza kazi na tena kila baada ya muda, na kwa hilo mwajiri wangu namsifu, hajawahi kuruka mwaka. Mnalijua zoezi lenyewe. Tunapangwa mstari nje ya kantini. Unapuliza kwenye mrija mpaka mishipa ya shingo inasimama, na nesi anakuhimiza "endelea, endelea, endelea" kama mtu anayesaidia kusukuma gari bovu. Unavalishwa spika za masikioni, ukisikia mlio unanyoosha mkono. Unaziba jicho moja unasoma herufi ukutani. Presha, sukari, mkojo. Wote tuliopo kwenye ule mstari tumetoka kwenye mashine dakika hiyohiyo na hakuna anayeumwa, lakini hakuna anayeona ajabu mtu mzima kupimwa. Sababu tunaijua. Vumbi linaingia kwenye mapafu miaka mingi kabla kifua hakijaanza kubana, na kelele za mashine zinakula masikio polepole mpaka siku mkeo anakuuliza mbona redio umeipandisha hivyo.

Mwisho wa karatasi ya majibu wanaandika kwamba nafaa kwa kazi. Miaka kumi na moja nafaa. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuniuliza nalala vipi nikitoka zamu ya usiku, wala nikifika nyumbani nafika nikiwa na hali gani.

Nami sikuwahi kudai niulizwe. Lugha yetu yenyewe inatusaidia kukwepa. Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Hata umelaza mtoto Amana, unajibu "nzuri tu", unavuta pumzi, ndipo unaongeza "ila mtoto anaumwa kidogo". Hilo neno "ila" linachelewa sana siku hizi. Zamani mlikuwa mnasimama njiani mpaka lifike. Sasa mwenzako anawahi mwendokasi, ameshapita, na "ila" yako unarudi nayo nyumbani. Halafu kuna neno "mzima". Mzima ni asiyeumwa, na mzima ni mwenye akili zake. Ukimwambia mtu "wewe mzima kweli?" hujamuuliza homa. Kwa hiyo ukisema unakwenda kuonana na mwanasaikolojia, umekwisha kujitoa kwenye orodha ya wazima, na kijiweni wameshakukatia tiketi ya Dodoma, kituo Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wakata tiketi. Nilibadilika kwa sababu ya hela.

Shemeji yangu alifariki kwa ajali ya bodaboda. Baada ya arobaini, watu walipoondoka na mikeka ikakunjwa, dada yangu mkubwa akaacha kuzungumza. Hakuwa analia, alikuwa kimya tu. Jirani yake mmoja, muuguzi, akatushauri tumpeleke kwa mwanasaikolojia katika hospitali moja ya hapa mjini. Tukachanga. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka, kila baada ya Jumamosi mbili, nakaa nje kwenye viti vya plastiki nasoma matangazo ya uzazi wa mpango mpaka nimeyakariri.

Safari ya nne nilitangulia kwenda kulipia. Mvua ikashuka. Dada akanipigia yuko kwenye daladala Buguruni, barabara imefunga, maji yamejaa. Saa yake ikafika. Nikaomba risiti isogezwe hadi wiki ijayo, mhudumu akatikisa kichwa: hela ikishapita dirishani hairudi, nafasi inapotea. Sasa mimi ni mtu wa Gongo la Mboto, na siwezi kukaa nikaangalia hela inapotea. Nikaingia mimi.

Ndani mlikuwa na viti viwili, feni, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anafuta miwani yake kwa upindo wa khanga. Nikamwita daktari, akasema yeye si daktari na hatoi dawa. Nikaanza kumweleza habari za dada, akanikatiza kwa adabu: habari za dada ni za dada, yeye hawezi kuzizungumza na mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mdogo wake aliyelipa. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

"Basi baba, nieleze siku yako ya jana. Tangu ulipoamka."

Nikaeleza. Nilivyopanda gari saa kumi na moja alfajiri, mashine namba tatu ilivyosumbua, vijana wawili walivyotaka kupigana kwa ajili ya glovu, nilivyorudi jioni, nikateremka kituoni, nikapita kwa Mangi kunywa soda, nikaenda nyumbani.

"Kwa Mangi ulikaa muda gani?"

"Nusu saa. Labda dakika arobaini."

"Na juzi?"

"Hivyohivyo."

"Soda moja unainywa dakika arobaini?"

Nikacheka. Naye akacheka, kisha akanyamaza, na hakunisaidia. Shangazi yangu angeshasema jambo. Rafiki zangu wangeshasema mambo matatu. Yule mama alikaa tu akinitazama kama mtu asiye na haraka, feni inazunguka, mpaka ikanijia picha ambayo sikuwa nimeikumbuka kwa miaka. Marehemu baba alikuwa na baiskeli. Jioni tukiisikia ikiegemezwa ukutani, nyumba nzima inakuwa kimya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anarudi na kazi yake mabegani, na wa kwanza kukutana naye ndiye aliyekiona cha moto. Mimi niliapa watoto wangu hawatausikia mlio ule. Na hivi ndivyo nilivyotimiza kiapo: nilikuwa nakaa kwenye benchi la Mangi mpaka walale.

Miaka mitano. Nilikuwa nawaambia watu ni foleni ya magari.

Hakuna dawa niliyopewa, wala jina la ugonjwa, kwa sababu ugonjwa haukuwepo. Nilipewa kazi ya nyumbani: soda iwe ya dakika kumi, kisha nimweleze mke wangu kwa nini ilikuwa ya arobaini. Ya kwanza ilikuwa rahisi. Ya pili ilinichukua wiki tatu. Nilipomweleza, mke wangu alishusha pumzi akasema afadhali, yeye alikuwa anadhani pale kwa Mangi kuna mwanamke.

Tangu hapo naenda mara mbili kwa mwaka. Nalipa mwenyewe, na mwezi huo inabidi nichague kati ya kikao na kujaza mtungi wa gesi, kwa hiyo miezi hiyo tunapikia mkaa. Si jambo la kujisifia. Nalitaja ili mjue kwamba ninachokiomba nimekipima kwa mfuko wangu kwanza.

Waheshimiwa, mtasema nchi haina desturi ya mzima kwenda kutafuta huduma. Naomba kubisha. Neno lenyewe "kliniki", katika Kiswahili cha nyumbani, maana yake ni kwenda ukiwa mzima. Mtoto akiumwa tunasema anapelekwa hospitali. Akiwa hana neno, ananyonya, anacheka, tunasema leo ana kliniki. Mama anaamka mapema na kadi yake kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe. Mtoto anavalishwa ile kaptula yenye mikanda, ananing'inizwa kwenye mizani kama furushi la ndizi, analia kwa hasira kwa kuwa hajui kosa lake, na nesi anaweka nukta kwenye kadi. Nukta moja haina maana. Maana iko kwenye mstari. Mstari ukianza kulala, nesi anaujua miezi kadhaa kabla bibi hajasema mtoto amekonda.

Hicho ndicho anachonifanyia yule mama. Ananijua nikiwa katika hali yangu ya kawaida. Anajua kwamba kwa kawaida nalala kwa muda wa saa sita, kwamba naongea sana nikiwa na wasiwasi na sipungui maneno kama watu wengine, kwamba mwezi wa Machi, mwezi aliofariki baba, nakuwa mkali bila kujua. Mwaka nitakapopinda, yeye atakuwa na kadi yangu. Anayekwenda mara ya kwanza akiwa ameshaanguka anapokelewa na mtu asiyejua alikuwaje alipokuwa amesimama, na yeye mwenyewe wakati huo hana nguvu ya kumweleza.

Tena kuna mambo ambayo hayafundishiki wakati wa shida. Hakuna anayejifunza kuogelea akiwa anazama pale Feri. Namna ya kupumua hasira inapopanda, namna ya kutofautisha uchovu na huzuni, namna ya kumwambia bosi "hapana" bila kutafuta ugomvi, hivyo vyote nilijifunza nikiwa nimetulia, na nilivikosea mara kadhaa bila gharama kubwa.

Na wala si kliniki ya watoto peke yake. Bibi harusi alikuwa anakalishwa na somo wake kabla ndoa haijafungwa, si baada ya kugombana. Makanisani wachumba wanasoma mafundisho ya ndoa kwa wiki kadhaa, nao wakati huo wanapendana mpaka wanakera. Wazee wetu walijua kwamba mtu anasikia vizuri zaidi kabla ya shida.

Serikali nayo imewahi kutupanga mstari tukiwa wazima, na tukapangika. Wengi wenu mnaikumbuka tarehe 14 Julai 2007, viwanja vya Mnazi Mmoja, Rais Jakaya Kikwete na Mama Salma Kikwete walipopima virusi vya UKIMWI hadharani kuzindua kampeni ya nchi nzima ya kupima kwa hiari. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, nikapima mwaka huohuo, na nakumbuka kwamba kabla ya sindano uliingizwa kwenye chumba kidogo ukakaa na mtu aliyeitwa mnasihi. Anakuuliza: ukipata majibu haya utafanya nini, na ukipata yale? Utamwambia nani kwanza? Baada ya majibu unarudi kwake tena. Maneno "ushauri nasaha" yaliingia kwenye lugha ya mtaani kwa njia hiyo. Watanzania wasio na homa wala kikohozi walikaa mbele ya mtu asiyewajua wakazungumza mambo ya ndani kabisa ya maisha yao, na hakuna aliyewaita vichaa. Kilichofanya jambo lile liwezekane, kwa maoni yangu, ni vitu vitatu: mkubwa alitangulia, huduma ilikuwa bure na karibu, na majibu yalikuwa siri. Ukitoa kimoja, mstari ule usingekuwepo.

Sasa nije kwenye ombi, na nianze na siri kwa sababu hapo ndipo mambo yatakapoharibika.

Mwenzangu mmoja, katika kazi niliyofanya kabla ya hii, alikuwa dereva wa foklifti. Kijana makini. Akamweleza mkubwa wake, kwa nia njema, kwamba tangu mtoto wake afariki halali vizuri na anaomba apewe zamu ya mchana tu. Wiki haikuisha akawa ameondolewa kwenye foklifti na kupelekwa kufagia ghala, na posho ya udereva ikaondoka nayo. Kwa usalama, walisema. Inawezekana ni kweli. Lakini sisi wengine tuliokuwa tunaangalia tulijifunza somo moja, nalo ni kwamba ukilala vibaya usiseme. Kwa hiyo ghala lile likabaki na madereva wa foklifti waliolala vibaya na kunyamaza. Huo usalama ni wa nani?

Kwa hiyo naomba hivi. Lile zoezi la kila mwaka kazini liongezewe chumba kimoja chenye viti viwili, na atakayetaka aingie kwa dakika thelathini na mtu mwenye taaluma. Atakayepita bila kuingia asiulizwe. Na kinachozungumzwa mle kisiandikwe kwenye karatasi inayorudi kwa mwajiri, isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini. Hata jina la aliyeingia lisirudi. Mwajiri aambiwe idadi tu, ili alipie.

Nimesema atakayetaka, na nina sababu. Katika nchi za Magharibi kulikuwa na mtindo wa kuwakusanya watu baada ya ajali au tukio la kutisha na kuwafanyisha kikao kimoja cha kusimulia yaliyowakuta. Tafiti zilipochambuliwa, vikao vile havikuonekana kuzuia madhara ya baadaye, na wachambuzi wakashauri visifanywe kwa lazima. Nawajua wakuu wa idara wa nchi hii. Wakisikia jambo ni zuri, wataandika waraka kwamba ni lazima na watatuma orodha ya waliohudhuria. Tafadhali msifanye hivyo. Mtu aliyelazimishwa kukaa kwenye kile kiti atasema "nzuri tu" kwa nusu saa nzima.

Waziri wa kazi, lipo na suala la muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi nilete cheti cha daktari. Ni sheria ya huruma, siibezi. Lakini nikiwa mzima na nataka kubaki mzima, inabidi nichukue kwenye likizo yangu ya mwaka au nidanganye kwamba naumwa tumbo. Nimedanganya mara mbili. Naomba nusu siku mbili kwa mwaka, mchana kweupe, mtu aandike kwenye fomu "kliniki" na iishie hapo, kama anavyoandika mwenye mtoto mchanga.

Waajiri mtakaokuna vichwa, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba sonona na wasiwasi vinaigharimu dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya takriban dola trilioni 1. Namba kubwa kiasi hicho mimi siwezi kuziona kichwani. Ninachoweza kuona ni mashine namba tatu, ambayo inapakwa mafuta kila Ijumaa hata kama haijalia, na fundi anapewa saa nzima ya kuisimamisha.

Waziri wa Afya, kwako nina mawili. La kwanza ni bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Kitita cha huduma kinapopangwa na kupangwa upya, naomba kikao cha mwanasaikolojia kisingoje mpaka liandikwe jina la ugonjwa. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inasema afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, na si kukosa maradhi tu. Sisi ni wanachama. Lakini dirishani swali la kwanza ni "unaumwa nini?", na nikijibu siumwi kitu, kompyuta haina pa kuandika.

La pili ni watu wenyewe. Najua jibu: wanasaikolojia ni wachache, na wagonjwa wenyewe hawajatosheka, sembuse wazima. Hoja hiyo ni nzito, na sitaki kuonekana nimeomba kumtoa mgonjwa kwenye foleni ili nikae mimi na soda yangu. Lakini kliniki ya watoto haikufunga wodi ya watoto. Na si kila kazi inahitaji mtu mwenye shahada ya uzamili. Huko Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa Mbare, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Harare, kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanzia. Kishona wana neno "kufungisisa", kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema fulani ana mawazo. Ni kitu kilekile, na mabibi walikiita kwa jina lake la nyumbani badala ya majina ya vitabuni. Mwaka 2016 matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika kliniki 24 za Harare yalichapishwa kwenye jarida la kitabibu la JAMA: baada ya miezi 6, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili pungufu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kweli, wale walikuwa wameshaanza kuonyesha dalili. Mimi naomba benchi hilo lisogezwe hatua moja nyuma. Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tuna zahanati kwenye kata, na bibi wenye busara Dar es Salaam hawajawahi kupungua. Mwanasaikolojia mmoja anaweza kuwafundisha na kuwasimamia wengi, na yeye akabaki na yale mazito.

Hapohapo, tusaidieni kuwajua walio wa kweli. Mjini hapa kila mwenye kipaza sauti na suti ni mwanasaikolojia, na wengine wanauza ushauri wa ndoa pamoja na dawa ya nguvu za kiume kwa bei moja. Bandikeni orodha ya wenye vyeti kwenye kila kituo cha afya, pale kwenye ubao wa matangazo, karibu na yale ya uzazi wa mpango. Watu tunaosubiri tunayasoma yote.

Kuna kundi ninalolihurumia kuliko langu, nao ni wanaokaribia kustaafu. Kwa hiari miaka 55, kwa lazima 60. Kabla hawajaondoka wanaitwa semina, wanafundishwa kufuga kuku na kujihadhari na matapeli wa mafao. Mzee mmoja wa kwetu aliyesimamia boila miaka thelathini aliihudhuria yote, akaandika madaftari. Jumatatu ya kwanza baada ya kuagwa alikuja getini saa kumi na mbili asubuhi, amevaa ovaroli safi. Mlinzi hakujua amwambie nini. Nilitoka nikakaa naye kwenye kibaraza mpaka jua likapanda, tukazungumzia kuku. Siku ya pili hakuja. Kama kuna mahali pa kuanzia pasipo na gharama kubwa, ni pale: saa moja na mwanasaikolojia ndani ya semina ambayo tayari mnailipia.

Upimaji wetu wa mwaka huu ni mwezi wa Oktoba. Nitapuliza mrija, nitanyoosha mkono, nitasoma herufi. Namba yangu ya simu iko kwenye nakala mliyoletewa kwa mkono, kama kuna atakayetaka kuuliza zaidi. Nikitoka zamu ya usiku mnipigie baada ya saa nane mchana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa zamu,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Nakala:
Ofisa utumishi wetu, kwa taarifa.
Dada, ambaye sasa anazungumza mpaka tunamwomba apumzike.
Mangi, kwa kunivumilia kwenye benchi lake miaka mitano na chupa moja.